Wekundu Juu ya Nyasi

Kitu cha kwanza alichokiona Edvina ni kwamba mumewe alisafisha brashi kwanza.

Yeye alikuwa chini, mgongo umeegemea mwimo wa mlango wa jikoni, damu ikimtoka puani na kushuka mpaka kifuani, jicho la kushoto limeanza kufumba lenyewe. Kwa jicho lililobaki alimwona Ildefons akiinama kuiokota brashi iliyomponyoka wakati anampiga. Akaichovya kwenye kopo la mafuta ya taa, akaizungusha taratibu, akazibana nywele zake kwa vidole mpaka zikafanya ncha, akaifuta kwa kitambaa na kuilaza dirishani. Ndipo akaja na bakuli la maji.

"Edvi," alisema kwa upole, "kwa nini unanifanya niwe hivi?"

Akaanza kumfuta uso. Mkono ulikuwa mwepesi, kama wa mama anayemwogesha mtoto mchanga. Nao ulikuwa mkono uleule.

Rangi ikikaukia kwenye brashi, brashi imekufa. Edvina alilijua hilo, kwa kuwa ameishi na mchoraji. Lakini siku ile, akiwa amekaa kwenye damu yake mwenyewe, lilimwingia jambo jingine. Watu walikuwa wakimwambia, mvumilie, wachoraji ndivyo walivyo, hasira zikimpanda mwenzio haoni. Kumbe alikuwa anaona. Aliona mpaka ncha ya brashi.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Ildefons alikuwa barazani, kwao Nshambya, anachora juu ya plaiwudi picha ya Bwana akipigwa na askari. Picha kama hizo ndizo zilizomlisha. Parokia nyingi za Bukoba na Muleba zilimjua, na hata watu wa majumbani walimwagiza. Edvina alipita na sufuria ya ndizi alizomenya. Akasimama. Yeye si mtu wa maneno, wala hakuwahi kutoa neno juu ya picha za mumewe. Siku hiyo, sijui ni shetani gani aliyemfungua mdomo, aliutazama mkono wa yule askari, akasema, "Ngumi hii naijua."

Basi. Hakumaliza hata kucheka.

Alasiri ile alichukua dumu kama anayekwenda kisimani. Dumu akaliacha kwenye ua wa jirani, akapanda bodaboda. Kijana wa bodaboda aliutazama uso ule mara moja, akageuza macho barabarani, wala hakutaja nauli. Njia nzima mpaka Izimbya Edvina alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki. Haukuwa na nguo.

Nyumbani kwao, mama yake, Immakulata, alikuwa anaanua kahawa. Alipomwona aliuacha ungo ukaanguka. Kaka yake, Derick, akatoka nyuma ya nyumba na jembe mkononi.

"Ni yeye?" Derick akauliza.

Edvina akatazama chini.

"Nakuuliza, ni yeye huyo mtakatifu wa kuchora watakatifu?"

"Mwache mwenzio akae," mama alimfokea. "Hayo macho yako ni ya nini, hata uulize?"

Akababua jani la mgomba motoni, akamkanda nalo lile jicho. Mama akauona mfuko.

"Umeleta nguo?"

"Hapana."

"Umeleta nini?"

"Barua zake."

Immakulata akashika kichwa. "Mae! Mwanangu, umekimbia moto ukabeba kaa."

Mwanamke akimkimbia mume akarudi kwa baba yake, Wahaya husema amenoba. Si mwisho wa ndoa. Ni kama ndoa imelala. Mume akitaka kuiamsha sharti aje na wazee wake na rubisi, yaani pombe ya ndizi, apige magoti mbele ya baba mkwe na kueleza. Baba akiona inafaa, humtoza faini, kisha hunywa. Akishanywa, neno limekwisha. Binti hushika mfuko wake akaondoka siku hiyohiyo, apende asipende. Kwa hiyo Edvina alijua mapema kwamba maisha yake yangekuwa ndani ya kikombe kimoja, na kwamba kikombe hicho angekishika baba yake, mzee Kahangwa.

Mzee Kahangwa alikuwa katekista wa kigango kwa muda mrefu, mtu wa haki kwa kadiri alivyoielewa. Derick alipomwambia waende polisi, kwenye dawati la jinsia, alijibu kwa kifupi tu: "Mwenye mke atakuja. Tutamsikiliza."

"Na jicho la dada yangu nalo litasikilizwa?"

"Usinipandishie sauti kwenye kibanja changu."

Derick akatoka nje. Asubuhi iliyofuata hakuonekana.

Edvina alizisoma zile barua kwenye mibuni, akiwa amejificha kama alivyojificha zamani zilipokuwa mpya. Shule aliiacha darasa la tano. Mwalimu alimtaka asome kwa sauti mbele ya wenzake, sauti ikakataa kutoka, akachapwa. Kesho yake ikakataa tena, akachapwa tena. Mpaka akaona heri akapalilie. Zilizomalizia kumfundisha ni barua. Ildefons alikuwa amekuja Izimbya kupaka rangi upya picha za Njia ya Msalaba, akamwona, na alipokwenda kuchora ukuta wa kanisa moja kule Muleba, mlimani juu ya ziwa, akawa anamwandikia. Simu zilikuwepo. Yeye alisema simu haina mkono wa mtu.

Edvina alikuwa akipitisha kidole chini ya kila neno. Humo ndimo alimojifunza kwamba ziwa la asubuhi si la bluu. "Litazame vizuri," aliandika Ildefons, "lina rangi ya ganda la yai la bata, na bluu inakuja baadaye, kama mgeni aliyechelewa misa." Katika barua nyingine alisema weupe haupo mpaka uwekewe kivuli pembeni, na ndiyo sababu kanzu za malaika wa wachoraji wabaya hufanana na mashuka ya hospitali. Na katika nyingine: "Sura ya anayelia ni rahisi, hata mtoto anaichora. Iliyo ngumu ni sura ya mtu anayemtazama mwenzake akipigwa, halafu hafanyi kitu. Nimetafuta sura hiyo sokoni Muleba siku nzima. Jioni nikagundua kila mtu anayo."

Msichana aliyeishia darasa la tano asimpende vipi mtu wa namna hiyo? Kabla yake hakuna aliyewahi kumwambia kwamba macho yake yanaona.

Lakini ilikuwepo na hii, aliyoipata wakiwa wameshaoana: "Askari wangu amenishinda. Mkono wake unakuwa mkate. Leo nimechukua kioo cha kunyolea, nikakunja ngumi yangu mwenyewe mbele yake, nikaitazama bila huruma. Ikakubali mara moja. Edvi, mkono huu unajua kazi mbili. Naogopa kwamba ni kazi moja."

Alikuwa ameandika hivyo kwa mkono wake, kwa wino, akaweka saini. Kumbe mtu anaweza kuandika neno asiloweza kuambiwa. Edvina alipolirudisha kwake kwa mdomo, pale barazani, alipigwa mpaka jicho likafunga.

Na ilikuwepo ile ya nyasi. Hiyo aliipitisha chini ya nyingine bila kuifungua. Hakuihitaji. Alikuwa ameihifadhi moyoni.

Ildefons alikuwa anafanya kazi Muleba, anarudi Nshambya Jumamosi. Edvina alikuwa na mimba, tumbo limeanza kuonekana. Jumamosi moja alitandika nyasi mbichi sebuleni, kama mama yake anavyofanya kwa mgeni wa heshima, nyumba nzima ikanukia shamba. Ildefons aliingia amekunywa. Akaona kopo lake la rangi nyeupe limehamishwa ili kupisha nyasi, kifuniko kimelegea, rangi imefanya ngozi juu. Alimpiga kofi, akamwangusha, akampiga mateke. Teke la tumboni ndilo lililofanya kazi. Nyasi zililowa. Baadaye, zahanati na kwa mama na kwa kila aliyeuliza, Edvina alisema aliteleza kwenye tope akitoka kisimani, akajikokota mpaka ndani. Ilikuwa masika, tope lilikuwepo, watu wakaamini. Mtoto alizikwa migombani kule Nshambya bila neno.

Siku chache baadaye barua ikaja kutoka Muleba. Naye, bado anatokwa damu, aliipokea, akailaza chini ya mto. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi kuliko teke: aliiona nzuri.

Ijumaa Kuu alipelekwa kuuona ukuta. Kanisa lilijaa wanawake wa Muleba, wanalia. Kikongwe mmoja alifika kwa yule askari, akainua fimbo yake, akaipiga ngumi ile ya rangi, pa, pa, pa, plasta ikapukutika, mpaka wazee wa kanisa wakamshika. "Niacheni nimvunje mkono!" alipiga kelele. Ildefons alicheka kwa furaha kuliko siku aliyolipwa. Edvina aliwaza: wao wanaupiga mkono wa rangi, mimi naupikia ule wa nyama.

Jioni ya siku aliyotoweka, Derick alirudi Izimbya na shati lililochanika. Alikuwa amekwenda Nshambya na rafiki zake wawili. Walimkuta mchoraji barazani, wakampiga kwa magongo mpaka akatema meno, wakamvunja ubavu, kisha wakazikanyaga picha zote zilizokuwa zinakauka. Mtakatifu Yosefu, Bikira Maria, na askari na ngumi yake, vyote vikawa kuni.

"Amelia," Derick alisema, akinawa mikono kwenye beseni. "Nilipovunja picha ndipo alipolia. Ubavu hakuulilia."

Mzee Kahangwa alisimama, akamzaba kofi lililomzungusha. "Mjinga wewe! Tulikuwa na haki. Sasa tuna nini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili, baada ya misa, wageni walipofika hawakuja wameinama tena. Ildefons alikuwa amefungwa bendeji kifuani, mdomo umevimba, anatembea kama mtu aliyebeba yai kwapani. Alikuja na baba yake mdogo, mzee Rugaibula, mnene mwenye mdomo mtamu, na Awadhi, fundi wa mjini Bukoba anayemtengenezea fremu. Mbele kilitangulia kibuyu cha rubisi kilichofunikwa kwa jani. Dumu la njano lilibaki nyuma kwenye gari, kwa ajili ya wanywaji wenyewe.

Immakulata alikuwa ametandika nyasi mpya. Ugomvi au si ugomvi, mkwe hakanyagi udongo mtupu. Wanaume wakakaa sebuleni. Wanawake wakakaa chumba cha ndani, mlango wazi, Edvina nyuma ya mama yake.

"Waitu Kahangwa," Rugaibula alianza kwa heshima, "tumekuja kuomba radhi, lakini naona na ninyi mna ya kwenu. Jicho la binti limepona?"

"Linaona."

"Ubavu wa kijana wangu hauoni, lakini unasikia. Ukikohoa karibu naye unajibu."

Wazee wakacheka kidogo. Derick, aliyesimama mlangoni, hakucheka.

"Mmepigwa, tumepigwa," Rugaibula akaendelea. "Mizani imelala sawa. Sasa tuwarudishe watoto kazini."

Edvina alisikia huko ndani akashangaa jinsi hesabu ilivyokwenda haraka. Jicho lake na ubavu wa mumewe vimekutana njiani, vimefutana, na yeye hakubaki na kitu.

Mzee Kahangwa alimgeukia Awadhi. "Wewe fundi, unamjua huyu. Ni mtu wa namna gani?"

Awadhi aliiweka chini soda yake. "Mzee, mimi namjua kazini. Kazini hana mfano. Nyumbani kwake sijalala."

"Jibu la mtu mwenye akili," Rugaibula alisema, "lakini mimi nina shahidi bora. Hebu niulizeni. Binti huyu alikimbia na nini? Nguo? Hapana. Sufuria? Hapana. Nasikia alikimbia na barua za mumewe! Jamani, mwanamke anayekimbia na barua za mume hajakimbia. Amekwenda kusalimia."

Safari hii walicheka kwelikweli. Hata mzee Kahangwa alitabasamu, kisha akaita, "Immakulata, zileteni hizo barua."

Mama alimtazama Edvina. Edvina alitingisha kichwa, hapana, hapana. Mama akauchukua mfuko, kwa maana mume ameita.

Mzee alivaa miwani. Alisoma kama alivyozoea kusoma masomo ya Jumapili, kwa sauti nzito, akipumzika kwenye nukta. Akasoma ya ziwa. Akasoma ya malaika na mashuka, watu wakaguna kwa kupendezwa. Ile ya ngumi na kioo aliisoma polepole, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Anajihukumu mwenyewe," alisema.

"Si ndiyo toba hiyo?" Rugaibula akadaka. "Padri angemtaka aseme nini zaidi?"

Kisha mzee akafungua ile ya nyasi. Edvina alishika kanga ya mama yake.

"'Edvi wangu, usilie. Nakuandikia nikiwa juu ya jukwaa, miguu inaning'inia. Miaka yote nimeiweka damu ya Bwana juu ya mawe na vumbi, ikawa damu iliyokufa, kama rangi ya mlango wa duka. Jumamosi ile niliona wekundu juu ya nyasi mbichi za sebule yetu, nikajua nilikuwa kipofu. Nyasi zinauinua wekundu, nao wekundu unazifanya nyasi kuwa mbichi zaidi. Pembeni unaingia kahawia mapema, lakini katikati unabaki hai. Nimekifuta kituo cha tisa chote, nimemwangusha Bwana juu ya majani. Wanaopita hapa wananyamaza. Mungu hachukui bila kuacha kitu mkononi. Pumzika, kula vizuri. Nitakuja.'"

Mzee Kahangwa alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, na sauti ilimwishia kwenye maneno ya mwisho. Alikuwa anamkumbuka mjukuu ambaye hakumwona.

"Mtu aliyefiwa na mtoto," alisema, "akaweza kuandika hivi... huyu ana moyo."

"Amina," akasema Rugaibula.

"Moyo?" Derick alipaza sauti. "Na mkono je? Tuambieni habari za mkono!"

Hapo Ildefons alifanya jambo ambalo Izimbya bado wanalisimulia. Alisogea kwa magoti juu ya nyasi, akiugulia ubavu, akavuta kigoda, akalaza mkono wake juu yake.

"Shemeji," alisema, machozi yanamtoka, "lete panga. Mkono uliokosa ndio huu. Kata. Baba mkwe, mwache akate."

Wazee waliguna. Immakulata alijifunika uso. Edvina peke yake ndiye aliyetazama vizuri, kama alivyofundishwa na barua kutazama, akaona kwamba mkono uliolala kigodani ulikuwa wa kushoto. Wa kuchorea ulikuwa nyuma, mgongoni, umefichwa vizuri.

Derick hakuwa msomaji wa picha. Panga lilikuwa limechomekwa kwenye boriti ya mlango, akalichomoa, akashuka nalo kwa nguvu zake zote. Awadhi alimrukia, akampiga kikumbo begani; panga likakwepa kiganja, likapita kwenye kidole cha mwisho, likazama kwenye kigoda. Kibuyu kikapinduliwa na miguu, rubisi ikamwagika. Ildefons alitoa sauti kama ya mbuzi. Kipande cha kidole kiliruka mpaka chini ya meza. Watu wakamwangukia Derick, wakamlaza chini, mmoja akampiga kiwiko kinywani, mwingine akamkalia shingo, baba yake mwenyewe akamtandika kwa fimbo, huku akilia, mpaka fimbo ikavunjika. Wakamburuta nje, wakamfunga kwenye mgomba kwa kamba ya mbuzi.

Edvina alikuwa amesimama. Hakumtazama kaka yake. Alikuwa anamtazama mumewe, aliyekaa chini peke yake, ameushika mkono wa kushoto kwa wa kulia, damu inadondoka juu ya nyasi mbichi za mama yake. Kilio kilikuwa kimekatika. Ildefons aliinamisha kichwa upande mmoja, akafinya macho kidogo, akatazama pale chini. Tone, na jani. Tone jingine, na jani. Uso ukamtulia kabisa. Alikuwa kazini.

Awadhi alichana kitambaa, akamfunga kidole. Wazee walirudi kukaa, wanahema, mashati yamechafuka. Rugaibula hakuwa na mzaha tena.

"Kahangwa," alisema, "umemwaga damu ya mkwe ndani ya nyumba yako, akiwa amepiga magoti. Mizani si sawa tena. Tungeweza kukuita kituoni, na mwanao angeozea gerezani. Tunataka kitu kimoja tu. Binti aondoke nasi sasa hivi."

Mzee Kahangwa alikuwa amezeeka kwa saa moja. Alitazama kigoda kilichopasuka. Alitazama nje, kwenye mgomba, mwanawe anatema damu.

"Leteni dumu," alisema.

Dumu likaletwa kutoka kwenye gari. Akamiminiwa kikombe. Rubisi ikamdondokea magotini.

"Edvina, mwanangu," aliita bila kugeuka. "Shika mfuko wako. Mume wako amekuomba kwa maneno mazuri, na sisi tumemjibu kwa panga. Nenda ukamtunze. Huyo ni mtu anayeona mambo."

Akainua kikombe.

Edvina alitoka chumba cha ndani, akampita mama yake, akasimama katikati ya wanaume, juu ya nyasi zilizolowa pombe na damu. Hakuwahi kusimama hapo. Wote wakamtazama, kama lile darasa la tano; alihisi kabisa fimbo ya mwalimu ikija kwenye mashavu ya miguu. Ildefons aliinua macho. Alitingisha kichwa taratibu, kwa upole wote, kama anayemwambia mtoto asiguse rangi mbichi.

"Tata, usinywe," Edvina alimwambia baba yake.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Kikombe kikasimama mdomoni.

"Sikuteleza. Sikutoka kisimani, wala si tope lililoniangusha. Nilikuwa nimelala juu ya nyasi za sebule yake, nimeshika tumbo kwa mikono miwili, namwomba kwa jina la Bikira. Akarudi nyuma kidogo, kama anavyorudi nyuma kuitazama picha, halafu akaja, akanipiga teke. Alikuwa wa kiume, tata. Ule wekundu mnaousifu ni mwanangu."